Mkono Nyuma ya Mashine

Mashine ile ya kupasulia mbao ilihitaji watu wawili kuiwasha. Kapasita ya mota, kile kikopo kinachoipa msukumo wa kwanza, ilikuwa imekufa, na ikishakufa hiyo, mota hunguruma tu palepale mpaka mtu aisukume. Basi seremala alikuwa akiinama nyuma, anashika puli, anamwambia mkewe, "Bonyeza, mama." Mke anabonyeza swichi, mume anazungusha na kutoa mkono haraka, msumeno unashika kasi. Miaka miwili hivyo! Kila siku kapasita mpya itanunuliwa kesho. Mafundi, mnajijua.

Kesho haikufika. Homa ya siku nne ikamchukua.

Mwezi wa pili wa ujane, saa nne asubuhi, mke aliingia karakanani kufagia, akabonyeza swichi. Hakuwa na mbao ya kupasua. Alitaka tu kuusikia ule mngurumo. Mota ikanguruma kama kawaida yake, halafu puli ikazunguka.

Nyuma ya mashine hapakuwa na mtu.

Mwingine angetoka mbio na kuacha kandambili mlangoni. Yeye alisimama, akasikia harufu ya gundi na jasho aliyolala nayo miaka ishirini na sita, akasema kwa sauti ya chini, "Umerudi, baba? Karibu." Hapo ndipo alipokosea, masikini. Hivi kweli unakikaribisha kitu ambacho hata uso wake hujauona?

Tangu siku hiyo akawa na raha ya ajabu. Anapasua mbao, anapiga soga, anacheka peke yake. Binti yake, mwalimu, alipokuja likizo alimkuta amekonda, shingo imebaki mishipa mitupu.

"Mama, unaongea na nani huko?"

"Na baba yako."

"Mama!"

"Shh! Usipige kelele, hapendi."

Binti akaingia karakanani ajionee mwenyewe. Akasimama mbele ya meza ya mashine, mama akabonyeza, mota ikanguruma, puli ikazunguka, na binti akahisi pumzi ya baridi ikimpanda shingoni, akasikia harufu ya gundi ikigeuka kuwa ya kitu kilichooza, akatazama chini na kuona meno ya msumeno yanapanda upande wake badala ya kushuka, yanapanda kwa kasi huku nati iliyoyashikilia ikilegea mzunguko kwa mzunguko, mpaka msumeno wote ukachomoka, ukampita sikioni na kukita mlangoni.

Mama alizima swichi. Aliutazama mlango, akamtazama mwanawe, akakaa chini kwenye unga wa mbao.

"Msumeno umekwenda kinyume," alinong'ona.

Mota isiyo na kapasita haijui kulia wala kushoto, inafuata mkono unaoisukuma. Na mkono wa seremala, kwa miaka yote miwili, haukukosea upande hata mara moja.

"Si yeye," mama alisema. "Ooh, mwanangu, si yeye. Baba yako amekufa kweli." Akalia kama vile habari ya msiba imemfikia saa hiyo, na binti akamkumbatia.

Kesho yake akaja fundi umeme, rafiki wa marehemu, mtu wa maneno mengi. "Huyu bwana alinizungusha kuliko hiyo puli," alisema akifungua mkoba. "Nimemwambia abadilishe kapasita mpaka nikachoka." Akakata umeme ukutani, akafungua kifuniko, akagusisha bisibisi kwenye miguu miwili ya kapasita kuukuu, kumaliza umeme uliobaki ndani, kama upo. Kitu kilichokufa miaka miwili hakitoi cheche. Hiki kilitoa. Fundi akarudi nyuma, maana mota, bila umeme, ilikuwa inanguruma, na ndani ya mngurumo palikuwa na mtu anaongea.

"Mama... usinifukuze. Nitakwenda wapi mimi?"

Ilikuwa sauti ya seremala, pamoja na kile kikohozi chake. Fundi alianza dua akaisahau katikati. Akachomoa kapasita kuukuu, akafunga mpya, akarudisha umeme.

"Shemeji, bonyeza."

Kidole cha mama kilikuwa kwenye swichi. Hakikubonyeza.

"Ngoja kidogo," mama alisema.

"Ningoje nini tena?"

"Najua si yeye. Lakini sauti ni yake. Nikibonyeza, sitaisikia tena."

"Mama, nakuomba," binti alisema, machozi yanamtoka.

Mama alifumba macho, akasikiliza. Sauti ilimwita, ikamwita tena, ikaanza kulia. Akabonyeza.

Mota iliwaka papo hapo, bila mngurumo, bila mkono wa mtu. Upepo wa baridi ukapita kati yao ukatoka mlangoni. Yote yakaisha.

Fundi alikwishafika barabarani, kapasita kuukuu ikiwa mkobani, aliposikia kandambili zinamkimbilia. Alikuwa mama, anahema.

"Shemeji, hiyo mbovu utaipeleka wapi?"

"Naitupa. Mbali."

"Mbali wapi?"

Fundi akaufunga vizuri mkoba.

Mama akageuka kuangalia kama binti yupo karibu, kisha akasogea na kumnong'oneza, "Kwani hairudishiki?"

Fundi aliuhamishia mkoba upande wa pili, akaondoka haraka. Alipogeuka, mama alikuwa bado amesimama pale barabarani, amenyoosha mkono.