Lango Lililojifungua

Kila Jumatatu, kabla kengele haijagongwa, wanafunzi wa darasa la sita husukumana mbele ya ubao uliotundikwa nje ya darasa lao huko Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda. Hilo ndilo gazeti lao la ukutani. Hapo hubandikwa habari za wiki: nani kafunga mabao, mbuzi wa nani kaingia ofisini, upepo umeezua paa la nani. Mhariri ni Irakiza, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye mwandiko mzuri na mdomo usiochoka. Akikaa kuandika, hata walimu hupita polepole ili wachungulie.

Gazeti hilo liliwapatia marafiki. Shule moja ya Kakiika, kule Mbarara, ilikuwa imeanza kujifunza Kiswahili, nayo ikatengeneza gazeti lake. Alhamisi moja darasa la Irakiza lilikwenda kuitembelea. Ilipangwa kwamba baada ya wiki mbili watoto wa Kakiika nao waje Nakivale wacheze, wale, halafu waandike gazeti moja kwa pamoja. Irakiza aliisubiri siku hiyo kama sikukuu. Alikuwa amekwisha kuahidiana na Mbabazi, mhariri wa Kakiika, kwamba wataandika wakiwa wameketi bega kwa bega.

Sasa, huko Kakiika kulitokea jambo. Shule ile hufuga ng'ombe watano, na ndama wao hufungiwa kizizini mpaka saa ya kukamua. Irakiza akamsikia ndama mmoja akilia. Ukoo wake ni wa wafugaji kutoka Kivu Kusini, Kongo, na babu yake huwataja ng'ombe wa zamani kwa majina, mmoja mmoja, kama watu wa nyumbani. Lakini yeye amezaliwa Nakivale, wala hajawahi kumshika ndama. Basi akafungua lango, akaingia, akampapasa yule mdogo kwenye paji la uso. Alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Mara akasikia wanaitwa kula. Akatoka mbio, akalisukuma lango kwa kisigino, komeo hakutia.

Baada ya nusu saa ndama wote walikuwa chini ya mama zao, mikia inacheza. Walinyonya hadi tone la mwisho. Siku hiyo wenyeji na wageni wakanywa chai ya rangi. Mwalimu mkuu, Madam Kyomugisha, akauliza ni nani aliyefungua lango. Irakiza aliinamia kikombe chake, akajifanya hamnazo.

Jumatatu asubuhi na mapema alikaa kuandika habari za safari. Aliisifu pilau, akazisifu nyimbo, akausifu uwanja wenye majani. Alipofika kwenye maziwa kalamu ikasita. Alifikiri sana, kisha akaandika: "Kwa bahati mbaya lango lilibaki wazi na maziwa yakakosekana." Aliisoma mara tatu. Aliipenda sana sentensi hiyo, maana haikuwa na uongo ndani yake, wala haikumgusa mtu yeyote.

Kumbe simu ya Mwalimu Néhémie, mwalimu wao wa Kiswahili, ilikuwa imeshapokea picha ya gazeti la Kakiika. Kichwa cha habari kiliandikwa kwa herufi kubwa: "WAKIMBIZI WAACHIA NDAMA, WANAFUNZI WAKOSA MAZIWA." Chini ya picha, Madam Kyomugisha alieleza kwamba safari ya Nakivale imesimamishwa kwanza.

Mwalimu alipowasomea, darasa lilichafuka. Mihigo, ambaye kunyamaza kwake ni ugonjwa, akataka wajibu mapigo papo hapo. Wao waandike hivi: "Wenyeji washindwa kufunga lango lao." Wenzake wakampigia makofi.

Mwalimu Néhémie hakumkemea mtu. Aliziandika ubaoni sentensi zote tatu, ya Kakiika, ya Irakiza na ya Mihigo. Kisha akasema watauliza swali moja tu kwa kila sentensi: nani amefanya nini?

Walianza na ile ya Kakiika. Wakasema waliofanya ni wakimbizi. Mwalimu akauliza, wangapi? Mihigo akafikiri, akasema bibi yake siku ile alikuwa nyumbani anakanda goti, je, naye aliachia ndama? Wakacheka. Mwalimu akamgeukia yeye mwenyewe: na hao wenyeji walioshindwa kufunga lango, yumo na yule mpishi aliyempakulia pilau mara mbili?

Ikafika zamu ya Irakiza. Hapa ni nani aliyefungua? Akajibu kwa sauti ndogo kwamba pengine lango lilijifungua.

"Limejifungua?" Mihigo akadakia. "Basi tulipikie uji, na tuulize mutoto anaitwa nani."

Darasa zima likaangua kicheko, na Mwalimu pia. Kilipotulia, akaonyesha ubaoni kwa chaki.

"Mulango haina mikono," alisema kwa Kiswahili cha Kongo. "Muangalie vizuri. Kila sentensi hapa inaficha mutu, na inamuficha kwa faida ya ule mwenye kushika kalamu. Mwenye kalamu ana nguvu mingi kuliko munavyozania."

Irakiza angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona kizizini, na ubao ungefutwa. Lakini lile neno "wakimbizi" la Kakiika lisingefutika. Lingebaki kule ukutani, na ndani yake wangebaki babu yake, bibi yake Mihigo na kila mtu wa Nakivale, kwa kosa ambalo mwenye nalo alikuwa ameketi dawati la pili. Akasimama.

"Ni mimi, Mwalimu," alisema. "Ile ndama ilikuwa inalia, nikaenda kuigusa. Kisha nikasahau kufunga. Niliona haya kusema."

Mwalimu alimwambia amefanya vema, ila maneno hayo wanaostahili kuyasikia wako Kakiika.

Jumamosi, kwa ruhusa ya mama yake, Irakiza na Mwalimu walipanda gari kituoni Rwekubo wakaenda Mbarara. Walimkuta Madam Kyomugisha ofisini, na Mbabazi alikuwapo pia kwa sababu ilikuwa zamu yake ya kuwalisha ng'ombe. Irakiza akaeleza yote, tangu mlio wa ndama hadi kisigino. Aliomba radhi, na Madam akaipokea. Hapo mambo yangeweza kwisha, lakini msichana alikuwa na swali lililomkera tangu Jumatatu. Akamgeukia mwenzake.

"Mbabazi, kama ningekuwa mutoto wa hapa Kakiika, ungeliandika nini?"

Mbabazi alitazama viatu vyake. "Ningeandika jina yako," alisema.

Kisha Mbabazi, kwa woga, akasema kwamba hakulitunga neno lile. Alilisikia asubuhi iliyofuata wakiwa mstarini, Madam mwenyewe alipowaambia kuwa wakimbizi wameachia ndama, na samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Madam Kyomugisha alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akatikisa kichwa, akajicheka.

"Ni kweli, hiyo neno ilitoka kwa mdomo yangu," alisema. "Mimi nilisema, Mbabazi akaandika, shule yote ikabeba. Na watu si samaki. Samaki haina jina."

Hapohapo akasema safari iko palepale. Irakiza akapewa adhabu yake: kuosha madebe ya maziwa na kufagia kizizi, akisaidiwa na Mbabazi. Alifagia huku akiimba, akawapa ndama majina wote watano, mpaka Madam akamuuliza Mwalimu Néhémie kama hii ni adhabu kweli au wamemzawadia.

Wiki iliyofuata gari la Kakiika likaingia Nakivale. Wageni walishangiliwa, wakala bugali, yaani ugali, kwa sombe ya majani ya muhogo na maharage, wakafungwa mabao manne, wakaomba sombe tena. Alasiri wahariri wawili wakaketi bega kwa bega mbele ya karatasi kubwa. Ubishi ulianza palepale. Habari ya ndama iliandikwa kwa majina, hilo walikubaliana. Ila kichwa cha habari ya siku hiyo kianze "Irakiza na Mbabazi" au "Mbabazi na Irakiza"? Wakavutana kalamu mpaka watoto wote wakakusanyika.

Madam Kyomugisha akaomba wanyamaze kidogo.

"Watoto wangu, sikilizeni," alisema. "Neno linaweza kuficha mkosaji, na linaweza kubebesha kosa watu ambao hawakuwapo. Mkisoma habari, hata kama imesemwa na mkubwa kama mimi, ulizeni: nani alifanya, na kwa nini wameiandika hivi? Usiogope kuuliza. Na kama ni wewe ulikosea, usitafute mlango wa kujificha. Andika jina yako wewe mwenyewe, wengine wapumzike."

Mwalimu Néhémie alikubali kwa kichwa. Kisha Mbabazi akamwachia Irakiza kalamu. Irakiza akaandika "Mbabazi" kwanza, kwa mwandiko wake ule mzuri, na baada yake akaandika jina lake mwenyewe, kubwa zaidi.