Kigae cha Mbele ya Lifti

Jani la mgomba lilikuwa linapumua.

Mbah Lasmi alikuwa amechuchumaa bafuni anaosha majani ya kufungia pecel, zile mboga zake za mchuzi wa karanga anazouza tangu ujana, jani moja likamponyoka likaangukia kwenye kitundu cha kutolea maji. Likatulia. Kisha likanyanyuka katikati, kama tumbo la mtu aliyelala, likashuka, likanyanyuka tena. Bibi wa watu akalikodolea macho, mikono inachuruzika maji. Akajiambia ni upepo wa kwenye mabomba. Majumba haya marefu yana upepo kila mahali isipokuwa pale unapoutaka.

Lakini chumbani mjukuu wake Kinasih, wa miaka minne, alikuwa amelala usingizi wa mchana, akipumua kwa ile pumzi yake ya kubanwa, na Mbah Lasmi akagundua kitu kilichomsimamisha bila kushika ukuta, yeye na magoti yake yale mabovu. Mtoto akivuta, jani linashuka. Mtoto akitoa, jani linapanda.

Mtoto akakohoa. Jani likaruka.

"Rumiyati!" alimwita mkwewe kwa kunong'ona. "Njoo uone. Vua kandambili, zisipige kelele."

Rumiyati akaja pekupeku, akaona, akalichukua jani kwa vidole viwili na kulitupa kwenye taka.

"Mama, usimwambie mwanao, Mas Jatmiko. Ana mawazo mengi."

"Mawazo ya nini? Mtu kapewa nyumba inayoangalia barabara, anawaza nini?"

Rumiyati akaenda kumgeuza mtoto ubavu.

Ni lazima niwarudishe nyuma kidogo, la sivyo hamtaelewa kwa nini neno hilo la nyumba lilikuwa na pilipili. Mtaa wetu wa Kepel ulikuwa katikati ya mji wa Madiun, nyuma ya soko, nyumba arobaini na kisima kimoja. Ikaja kampuni, ikabomoa, ikajenga jumba la ghorofa kumi na mbili likaitwa Graha Kencana, na sisi wenyeji tukaahidiwa vyumba humo kwa kupigiwa kura. Miaka miwili tukakaa vyumba vya kupanga ng'ambo ya mto tukisubiri.

Siku ya kufukia kisima alikuwepo Mbah Sukiran (Mbah kwetu ni bibi au babu), mzee aliyekisafisha kila mwaka kabla ya Ramadhani. Kwetu kisima hufukiwa, lakini hakizibwi. Huachwa bomba kutoka chini kabisa hadi juu ya ardhi, ili aliyemo apate hewa. Aliyemo ni nani? Hatumtaji. Tulichota maji kwake tukipiga hodi, na hilo lilitosha. Mbah Sukiran akasimamisha bomba lake la chuma, akasoma alichosoma, na hata wale wa kampuni na viatu vyao vya kung'aa waliitikia amina.

Tuliporudi, bomba hatukuliona. Ukumbi wa kuingilia ulikuwa wote vigae vyeupe kama yai la kuchemsha. Meneja, Pak Hendarto, yule anayezichana nywele tatu kutoka sikio hili hadi sikio lile, akatuambia bomba limepitishwa ukutani likatokea bustanini. Tukaamini. Tulikuwa tumelewa lifti. Kuna mama mmoja, simtaji, alipanda na kushuka mara kumi na moja siku ya kwanza mpaka akatapika.

Kura ikapigwa. Wengi tuliangukia vyumba vya nyuma, vinavyotazama mapipa ya taka. Jatmiko, mtoto wa Mbah Lasmi, fundi vigae aliyeutandika ule ukumbi, hakupiga kura. Alipewa tu, ghorofa ya nne, mbele, madirisha mawili. Midomo ikafanya kazi yake. Wangu pia, sikatai.

Na wiki hiyohiyo ya kwanza Kinasih akaanza kubanwa. Ng'ambo ya mto alikuwa anakimbia kama mbuzi. Hapa, kila ikifika adhuhuri kifua kilianza kupiga filimbi, na hakikutulia mpaka watu wametoka swala ya magharibi. Daktari akasema vumbi la rangi mpya. Wakampa dawa ya kuvuta, wakafungua madirisha yote mawili, wakaosha mapazia. Filimbi ikawa palepale.

Sisi wengine hatukubanwa, ila tulisikia. Ukiinama kwenye sinki kuosha vyombo, unasikia ndoo inashushwa: kamba inasugua, inasugua, halafu kimya. Ndoo haifiki majini. Halafu inakuja harufu ya kuvu na kamba iliyooza, harufu ambayo kila mtu wa Kepel anaijua na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitaja. Tukafanya mzaha. "Pak Hendarto anaoga leo," tukaambiana. Tukacheka, tukaacha maji ya bomba yaende kwa nguvu ili tusisikie.

Mbah Lasmi hakucheka. Macho yake yalikuwa kwa mwanawe. Asubuhi moja alikuwa amekaa ukumbini na kapu lake, Jatmiko akatoka kwenye lifti kwenda kazini, na mama mtu akamwona anafanya kitu cha ajabu: akaruka kigae. Kimoja tu, cha tatu kutoka mlango wa lifti. Jioni akarudi, akakiruka tena. Mikono imejaa vifaa, mgongo umechoka, lakini mguu ukanyooka ukavuka pale kama mtu anayevuka kaburi. Fundi mwenyewe, vigae vyake mwenyewe! Siku tatu Mbah Lasmi akamhesabia. Hakukanyaga hata mara moja.

Siku ya nne, saa sita mchana, Rumiyati alikuwa anamwogesha mtoto. Kinasih akainama kuelekea kwenye kitundu, kama anayeitwa.

"Mama, bibi wa chini anaomba."

"Bibi gani? Anaomba nini?"

"Hewa. Nimempa kidogo." Mtoto akapumua kwa tabu, akatabasamu. "Anasema haijamtosha."

Rumiyati akamnyakua na povu lake kichwani. Mumewe aliporudi alasiri, akamweleza kwa kunong'ona jikoni, huku bomba la sinki limefunguliwa ili asisikie mwingine. Jatmiko akachukua matambara na utepe wa plastiki, akaanza kuziba: kitundu cha bafuni, sinki la jikoni, choo, hata kile kidogo cha kwenye kibaraza. Alisukuma matambara kwa mpini wa nyundo, jasho linamdondoka.

"Unafanya nini?" mama yake akamuuliza.

"Naziba, Mama. Akose njia."

"Nani akose njia?"

Akasukuma tambara jingine.

Jua likawa linashuka, na nyumba ikawa kimya, kimya kizuri kwanza, bila ndoo wala kamba, mpaka Rumiyati akathubutu kuketi, akasema labda imekwisha, na ndipo mwadhini wa msikiti wa sokoni alipoanza kuadhini na matambara yakaanza kuvimba, lile la bafuni kwanza, likitutumka na kuzama, likitutumka na kuzama chini ya utepe, kisha la jikoni, kisha yote kwa pamoja, na milango ya kabati ikaanza kugonga, na harufu ya kuvu ikatokea ukutani kwenyewe, kwenye rangi, na mtoto aliyekuwa anachezea kofia ya baba yake sakafuni akafungua mdomo kama anayetaka kusema kitu na hakusema, akaushika mkeka, akauachia, midomo ikaanza kuwa ya zambarau kama biringanya, na baba yake anamtikisa, na mama yake anampulizia, na pumzi ya mama inaingia na haitoki, inaingia na kupotelea humo kama maji yanayomwagwa mchangani, ndipo Mbah Lasmi akapiga magoti bafuni, akang'oa utepe kwa kucha, akalibana tambara kwa meno, meno machache aliyobakiwa nayo, akalivuta.

Likatoka. Hewa ya chumba chote ikapita sikioni mwake kwenda chini.

Kinasih akalia.

Mbah Lasmi akatema nyuzi. Akabaki amekaa sakafuni, akamtazama mwanawe.

"Jatmiko. Kuna nini chini ya kigae cha tatu?"

Jitu zima lile likalia kama mtoto. Akasema kwa sauti ya chini, mdomo karibu na goti la mama yake. Bomba lilikuwa limesimama mbele ya lifti, usawa wa kiuno. Siku mbili kabla ya sherehe ya ufunguzi Pak Hendarto akasema linatia aibu, wageni wakubwa wanakuja, lipotee. Hakuna fundi mwingine aliyekubali. Wote ni watu wa huku. "Akaniambia nyumba ya mbele, Mama. Madirisha mawili. Nikamfikiria Kinasih. Nikalikata kwa grenda usawa wa sakafu, nikajaza saruji, nikaweka kigae."

"Na ulipolikata?"

"Lilinipulizia usoni. Pumzi ya moto. Nikajidai sikuhisi."

Kesho yake asubuhi wakamleta Mbah Sukiran. Kazee kafupi, nyonga mbovu, sigara ya karafuu haitoki mdomoni. Tukaambatana naye, mimi na wengine sita, si kwa umbea, ila mtu mzee asipande peke yake. Akaweka kipande cha mwanzi kwenye kitundu cha bafuni, akaweka sikio, akasikiliza mpaka moto wa sigara ukakaribia midomo.

"Hana ubaya," akasema. "Anakufa. Wewe ukizibwa pua, hewa utaivuta kwa nani? Ameitafuta kwa aliyemziba, akakuta kwake kuna kifua kidogo, laini. Kinavutika."

"Mfukuze, Mbah," Rumiyati akamsihi.

"Nimfukuze aende wapi? Hapa ni kwake; ninyi ndio mmepanda juu. Afungue aliyefunga, kwa mkono wake, leo, kabla ya adhana ya magharibi. Jana mlimkaba. Leo hataomba tena."

Jatmiko akashuka na nyundo na patasi. Pak Hendarto akatoka ofisini mbio, nywele tatu zimesimama.

"We! Ukigusa kigae kimoja, ile nyumba si yako! Karatasi bado ziko mezani kwangu, sijatia sahihi!"

Jatmiko akasimama. Nyundo ikashuka taratibu. Nawaambieni ukweli, aliwaza. Mtu aliyezaliwa kwenye chumba kimoja na ndugu sita huyawaza madirisha mawili.

Mbah Lasmi akaja akasimama juu ya kigae chenyewe, akamtazama meneja kutoka kwenye viatu hadi utosini.

"Pak, tia sahihi, usitie, shauri yako. Ila sogea. Hizo nywele zako zimebaki chache, na hapa patavuta."

Tukacheka, tukafanya duara, meneja akabaki nje anapunga mikono. Mama mtu akatoka juu ya kigae. Jatmiko akapiga.

Kigae kikapasuka kwa pigo la kwanza. Saruji ikamchukua muda. Alichimba mpaka vidole vikatoka damu, na kila akigonga, chini kabisa kitu kilikuwa kinagonga kumjibu. Patasi ikazama ghafla.

Tulitegemea kitatoka kitu. Hakikutoka kitu. Kiliingia. Jumba zima likavutwa pumzi: karatasi za meza ya mapokezi zikaruka, milango ikabamizwa ghorofa kwa ghorofa mpaka ya kumi na mbili, shela yangu ikanitoka, tukawaziba watoto pua na midomo, na ule mvuto ukaendelea, ukaendelea, mrefu kuliko kifua chochote kinavyoweza, kisha ukakatika. Kimya. Halafu tukapuliziwa wote, pumzi moja ya moto yenye harufu ya kuvu, na kutoka ghorofa ya nne tukamsikia Kinasih anacheka.

Jatmiko alisimamisha bomba jipya siku hiyohiyo. Kampuni ikalipaka rangi ya dhahabu ikaweka miti ya plastiki pembeni. Wageni hudhani ni pambo, hulipiga picha. Nyumba ya mbele wakanyang'anywa, wakapewa ya chini, uani, jirani na mapipa. Lakini mtoto anakimbia. Filimbi kwisha.

Hili lililobaki Mbah Lasmi aliniambia mimi tu, tunachambua majani, akaniapisha nisimwambie mtu. Ndiyo maana nawaambia ninyi peke yenu.

Wiki moja baadaye, mchana, Kinasih amelala. Bibi yake ana jani mkononi. Kwa furaha tu, kwa kujifurahisha moyo, akalisogeza puani kwa mjukuu alione linacheza.

Halikucheza.

Akangoja. Akaleta kioo kidogo cha kujipakia poda, akakiweka kwenye midomo. Hakikuingia ukungu. Na mtoto ni wa moto, mashavu mekundu, anatafuna ndotoni, anamtaja paka. Kifua hakipandi.

Mbah Lasmi akaenda ukumbini bila viatu, akaweka jani juu ya mdomo wa bomba. Likapanda, likashuka. Pumzi kubwa, ya polepole. Na katikati yake, ikipokezana nayo, nyingine ndogo, nyepesi, ya mtoto aliyelala.

Hakumwambia mwanawe. Meza yake ya pecel akaihamishia pale pale, ubavuni mwa bomba, asubuhi hadi usiku. Watu wanasema bibi kajua kuchagua mahali pa biashara. Lifti sasa ina tangazo: baada ya Idi ukumbi utabadilishwa wote.

Na juzi mtu wa usafi aliweka chungu cha ua juu ya mdomo wa bomba, papendeze. Mbah Lasmi alikuwa amekwenda msalani. Uani, kicheko cha Kinasih kikakatika katikati.

Chungu alikipiga teke mwenyewe, na magoti yake yale, na kicheko kikarudi. Tangu siku hiyo hanywi chai, hanywi maji, mpaka taa za ukumbi zizimwe.