Maji Yenye Ladha ya Mpira

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa tone. Lilining'inia chini ya pikapu, likanenepa, likaanguka mchangani, na jingine likaanza kujikusanya pale pale. Msichana alikuwa ameketi juu ya kiroba cha nguo akisubiri safari. Alihesabu matone saba. Mchanga ulikuwa umelowa duara la ukubwa wa kisahani cha chai.

Alifungua mdomo. Lakini dereva na mjomba wake walikuwa wanataniana kwa sauti, na yeye hakuwa mtu wa kukata maneno ya wakubwa. Akaufunga.

"Mzee, hivi vyuma unavihamisha au unaenda kuvizika?" dereva aliuliza huku akikaza kamba juu ya mzigo.

Mjomba alikuwa fundi baiskeli, anahamia mji mwingine. Nyuma ya pikapu kulikuwa na kila alichokataa kukitupa kwa miaka ishirini: ringi zisizo na tairi, tyubu zilizojaa viraka, cheni, foku za kushikia magurudumu, spoki zilizofungwa mafungu kama kuni.

"Cheka tu," mjomba alimjibu. "Siku ukivihitaji utanibusu miguu."

Msichana alipanda, akakaa katikati yao. Alikuwa anamsaidia mjomba kazi tangu alipoacha shule darasa la tano, na kwa kawaida mikono yake ndiyo iliyozungumza.

Saa nne asubuhi walikuwa katikati ya nyika, na mshale wa joto la injini ulikuwa juu. Dereva alisimama, akasubiri injini ipoe, akamimina nusu ya dumu la maji ya kunywa kwenye rejeta. Baada ya kilomita kumi na tano alimimina nusu iliyobaki. Hakuna aliyeinama kuangalia chini ya gari. Msichana alitazama viganja vyake.

Injini ilikufa katikati ya mlima mdogo wa mawe. Breki zikagoma, gari likaanza kurudi nyuma.

"Jiwe! Wekeni jiwe!" dereva alipiga kelele.

Mjomba aliruka na kukimbilia tairi la nyuma. Jiwe halikutosha. Gari lililipanda, likaingia mtaroni kinyumenyume, kamba ikakatika na vyuma vyote vikamfunika.

Walimfukua ringi moja baada ya nyingine. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti. Msichana alichukua mafungu mawili ya spoki, akayazungushia kanga, akayaweka pande zote mbili za mfupa, akafunga kwa tyubu. Mjomba aliuma mkanda wake mpaka alipomaliza.

"Maji?" aliuliza.

Dereva aliinua chupa. Ilikuwa nusu.

"Tulipita kisima cha wafugaji. Kilomita saba hivi nyuma," mjomba alisema.

"Nilikiona. Hakina ndoo wala kamba."

"Wanakuja na zao, wanaondoka nazo. Sisi tutakwenda na vyuma hivi."

Dereva aliangalia rundo la vyuma. Safari hii hakucheka.

Walijificha kwenye kivuli cha gari mpaka jua lilipolegea, wakinywa kifuniko kimoja kimoja cha chupa. Mjomba alielekeza akiwa amelala. Foku mbili zilifungwa kwenye ubao wa nyuma wa pikapu, kila moja na gurudumu lake, na usukani wa baiskeli mbele wa kuvutia. Ringi tupu zilizama mchangani. Msichana alizivisha tyubu juu ya tyubu, akasokota majani makavu katikati, mpaka zikawa nene kama mikate. Kigari kikasogea.

Wakamlaza mjomba juu yake pamoja na cheni, tyubu na vyuma vichache, wakavuta.

"Hebu nibusu sasa," mjomba alisema kwenye tambarare ya kwanza, amekaza meno.

"Mguu mmoja tu, mzee," dereva alimjibu akihema. "Huo wa pili ni mbovu."

Walifika jua likiwa bado juu ya upeo. Midomo ya dereva ilikuwa imepasuka, na mjomba alikuwa ameanza kuongea na mteja asiyekuwepo kuhusu pedali. Msichana alidondosha jiwe kisimani. Sauti ya maji ilichelewa kurudi.

Alitoa pini za cheni kwa msumari, akaunganisha cheni kumi na tano ziwe kamba. Foku ilibanwa kati ya mawe, na ringi ikakaa juu ya mdomo wa kisima kama kapi. Tyubu ndefu ilikatwa, mwisho mmoja ukafungwa fundo, mdomo ukatanuliwa kwa spoki iliyokunjwa duara, na friwili, kile chuma cha meno cha gurudumu la nyuma, ikaning'inizwa chini iwe uzito.

Ringi ilizunguka ikilia. Tyubu ilipanda tupu.

"Imekosa maji!" dereva alisema, akakaa chini.

Msichana aliipapasa tyubu. Kuta zake zilikuwa zimegandana. Alifungua friwili, akaisukuma ndani mpaka kwenye fundo, ikatanua mpira kwa chini. Akaishusha tena. Safari hii cheni ilikuja nzito.

Maji yalikuwa na ladha ya mpira na kutu. Mjomba alikunywa kwanza. Alikohoa, akanywa tena, akamwacha yule mteja wake aende zake.

Walikaa pale siku mbili. Asubuhi ya tatu wafugaji wawili walifika na punda. Walimbeba mjomba mpaka barabara kubwa, na kabla ya kuondoka mmoja wao aliizungusha ringi kwa kidole, akaomba iachwe.

Kwenye zahanati, mguu wa mjomba ukiwa ndani ya plasta, mwenye pikapu alikuja. Alisimama juu ya dereva.

"Hukukagua gari. Funguo hutazigusa tena."

"Labda jiwe lilitoboa rejeta njiani, bosi. Naapa, tulipoondoka halikuwa na kitu."

"Mwache," mjomba alisema kitandani. "Nani angejua?"

Msichana alikuwa mlangoni na kikombe cha maji. Alikiweka chini ili kisimwagike.

"Mimi nilijua. Lilikuwa linavuja kabla hatujaondoka. Nilihesabu matone saba, nikaona haya kuwakatiza."