Maiti Haihamishwi Njiani

Maiti ya mzee Alfayo ilifika nyumbani Nyansiongo jua likiwa limekwisha kuzama, na kwa watu wa kanisa lake hilo lilikuwa balaa kuliko kifo chenyewe. Ilikuwa Ijumaa. Sabato ilikuwa imeingia, na pasta alikuwa amekwisha kufunga Biblia yake.

"Leo hatuziki," alisema. "Tutazika Jumapili."

Kaburi lilikuwa wazi tangu asubuhi. Kaburi halilali tupu, kila mtu alijua hilo, kwa hiyo wazee walikata mgomba wakaulaza humo chini badala ya mwenyewe. Kisha wakageuka kutafuta wa kulaumiwa. Hawakutafuta mbali. Mnyonge hana haki, na mkwe asiyetambuliwa ndiye mnyonge wa kwanza.

Inspekta Kemuma alipofika, vijana walikuwa wamemzingira Zubair kando ya pikapu yake. Shati lilikuwa limeraruka na mdomo ulikuwa ukivuja damu. Zubair aliuza vitambaa mjini Kisii, na alikuwa amemwoa Nyanchera, binti wa marehemu. Kwa ndoa ile Nyanchera alisilimu, akaitwa Janat, na mzee Alfayo akampiga marufuku kukanyaga boma lake. Hata hivyo, mzee alipofariki, Zubair alileta gari lake kumbeba. Mkwe ni mkwe, alisema, hata akikataliwa.

"Mpira wa hewa umekatwa!" mzee mmoja wa ukoo alimwambia Kemuma, akielekeza fimbo yake kwenye boneti iliyoachwa wazi. "Tulipofika mlima wa Keumbu gari likaishiwa nguvu. Linapiga mluzi, linatema moshi mweusi. Tumetambaa nalo mpaka hapa."

"Nani aliukata?"

"Si huyu? Mke wake yuko Uarabuni, ndege yake inatua kesho. Alituomba tumngoje, tukakataa. Sasa ametungojesha kwa nguvu."

Kemuma alimgeukia Zubair. "Ni kweli mke wako yuko njiani?"

"Kweli, madam."

"Na uliomba wangoje?"

"Niliomba."

"Mwulize pia alivyosema pale Keumbu!" mzee alidakia. "Alitaka tumhamishe Omogaka, mzee wetu, kwenye gari lingine, barabarani, kama gunia la viazi! Maiti haihamishwi njiani. Ukiishusha njiani, roho inabaki njiani."

Umati ulinguruma. Kemuma alizaliwa Ogembo, akalelewa na maneno hayohayo, na damu ikamchemka kama ya wenzake. Alitoa pingu akamfunga Zubair mbele ya kina mama, watoto na jeneza, tena akaibana kuliko ilivyohitajika. Mtu mmoja akapiga makofi. Obadiah peke yake, kifungua mimba wa marehemu na mzee wa kanisa, alikuwa ameinamisha kichwa. Kemuma alidhani ni uzito wa msiba.

Asubuhi ya Sabato fundi wa kupatikana alikuwa mmoja tu, Ogari, na sababu ni kwamba yeye ni Mkatoliki. Alikuja nyuma ya kituo cha polisi, pikapu ilipowekwa, akiwa na ndoo ya maji ya sabuni, brashi kuukuu na pampu ya upepo.

"Turbo kazi yake ni kusukuma hewa kwa nguvu iingie kwa injini," alieleza huku akiziba mdomo wa bomba. "Hewa ikipata tundu njiani, inatoroka. Gari linabaki na pumu."

Aliurudishia mpira ule tepu yake nyeusi iliyokuwa ikining'inia, akapaka sabuni kila mahali, akaanza kupampu. Mwanzoni kimya. Alipozidisha upepo, tepu ilibanduka na povu likafura upande wa chini wa mpira, kubwa kama yai.

Ogari alilegeza klipu, akauchomoa mpira. Kemuma aliupokea kwa glavu. Chale ilikuwa moja, fupi, imenyooka, na kingo zake zilikuwa safi.

"Haujapasuka kwa uzee?"

"Uzee huchana ovyo, madam. Hiki ni kisu kidogo. Na aliyekata anajua. Kwa barabara tambarare tepu inashika. Ukianza kupanda mlima na kukanyaga mafuta, turbo inaitupa."

"Alitaka gari lizime mlimani?"

"Angetaka lizime angekata mpira wote. Huyu alitaka lichelewe tu. Lakini lori lingekuwa karibu nyuma yao, saa hii mngekuwa mnazika wengi."

Kemuma aliinama ndani ya boneti. Ndipo akaona utepe wa zambarau. Ulikuwa umefungwa kwenye chuma cha ndani, shubiri moja kutoka pale mpira ulipokuwa, ukapenya hadi mbele ya gari. Aliukata kwa uangalifu, akautia kwenye mfuko wa vielelezo, akaenda seli.

Zubair alikuwa ameketi sakafuni. Mdomo wake ulikuwa umevimba.

"Utepe huu ni wa nini?"

"Wa picha ya marehemu. Ilifungwa mbele ya gari."

"Nani aliifunga?"

"Shemeji Obadiah, tulipokuwa kwa chumba cha maiti. Alisema ni kazi ya kifungua mimba. Akaniomba nimfungulie boneti."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilienda kusaidia kubeba jeneza. Ni mzee wa kanisa, madam. Ningemchunga?"

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Uliniuliza?"

Kemuma alihisi masikio yakipata moto. Alijikohoza, akasogeza kiti ambacho hakikuhitaji kusogezwa.

"Kwa nini ulitaka maiti ihamishwe?"

"Ili ifike kabla ya jua. Kwetu maiti haicheleweshwi. Kuichelewesha ni kuidhalilisha."

"Lakini mke wako angekosa kumwona baba yake."

"Nilimpigia nikiwa palepale Keumbu. Nikamwambia, Janat, hutamwona. Alilia mpaka simu ikakatika. Ningefanyaje? Haki ya maiti ni haki ya maiti."

Jambo lilikuwa wazi hata kwa mtoto wa shule. Mtu aliyekata mpira ili mazishi yachelewe hawezi kusimama barabarani kuomba jeneza liwekwe kwenye gari zima. Pale Keumbu, Zubair peke yake ndiye aliyekimbizana na jua. Ombi lake wazee wakaliita dharau, naye Kemuma, askari wa upelelezi mzima, akaliita ushahidi. Aliyepanga uchelewesho ule ni mtu aliyejua kwamba hata yangekuwapo magari mia, hakuna atakayethubutu kulishusha jeneza. Ni mtu wa nyumbani.

"Ulipoomba ihamishwe, nani alikataa kwanza?"

"Obadiah. Alisimama nyuma ya pikapu akasema, atakayemgusa baba aniguse mimi kwanza."

Kemuma alisimama. Alijua anachopaswa kusema, ni neno moja tu la kuomba radhi.

"Unataka chai?" aliuliza.

"Nataka kwenda nyumbani."

"Vijana bado wana hasira. Hapa uko salama."

Hiyo ilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba, ili afungue mlango ule, ilimbidi afungue mdomo kwanza. Aliondoka bila kumwangalia, na chai aliyomwagiza askari ampelekee mahabusu aliiona ikirudishwa ikiwa imejaa.

Jumapili asubuhi Kemuma alimpeleka Zubair kwenye mazishi kwa gari la polisi, bila pingu. Langoni palisimama mwanamke aliyevaa buibui jeusi, na kando yake sanduku ambalo bado lilikuwa na karatasi ya uwanja wa ndege. Alikuwa Nyanchera. Waombolezaji walikuwa wakiingia na kupita kando yake. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyemkaribisha. Zubair alishuka akasimama naye, wakawa wawili.

Kemuma alimkuta Obadiah nyuma ya nyumba, amevaa suti yake ya kanisani.

"Mzee Obadiah, kabla hujastaafu ulikuwa unaendesha nini?"

"Lori la majani chai."

"Lilikuwa na turbo?"

"Lilikuwa nayo."

"Mpira wake uliwahi kutoboka?"

"Mara nyingi."

"Ulikuwa ukifanya nini?"

"Nilikuwa nafunga tepu, natambaa polepole mpaka kiwandani."

Kemuma alifungua mkoba, akautoa mpira na tepu yake, halafu utepe wa zambarau. Aliviweka juu ya jiwe la kunolea visu, kati yao.

"Tepu hii haikosi alama za vidole," alisema. "Niipeleke maabara, au tuzungumze?"

Obadiah aliutazama utepe, kisha akatazama kule langoni, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Baba alinishika mkono kitandani," alisema. "Tulikuwa wawili tu. Akasema, usinifukie kabla Nyanchera hajaniona. Akasema, nilimkosea."

"Kwa nini hukuwaambia watu?"

"Ningeanzia wapi? Siku alipomfukuza Nyanchera, baba alisema nifunge lango, nikalifunga mimi, kwa mikono hii. Nyanchera yuko nje, mtoto mgongoni, mvua inanyesha. Halafu nikasimama kanisani nikasema boma letu sasa ni safi. Nisimame tena palepale niseme baba amejuta? Na mimi je? Wangeniangalia na macho gani?"

"Kwa hiyo ukakata mpira."

"Kisu ni rahisi, madam. Hakiulizwi swali."

"Ungeua watu mlimani."

"Nilijua."

"Na shemeji yako alipokuwa akipigwa?"

"Nilikuwa nimesimama pale. Kila ngumi nilisema, sasa nitasema. Ikaja nyingine. Ulipotoa pingu nikasema, sasa. Sikusema."

Mficha uchi hazai. Kemuma alikuwa na karipio tayari, refu, la kumfaa mtu mzima aliyeacha mwenzake aoze seli kwa ajili ya uso wake mwenyewe. Lakini alikumbuka ile chai, na karipio likamfia mdomoni. Aliona haya, haya halisi ya kutaka ardhi ipasuke. Yeye na huyu mzee walikuwa wagonjwa wa ugonjwa mmoja.

"Twende mbele ya watu," alisema. "Nitaanza mimi."

Walikwenda wakasimama kando ya jeneza. Pasta aliwapisha. Kemuma alimwita Zubair asogee, na Zubair akaja, akimwacha mkewe palepale langoni.

"Ijumaa nilimfunga mtu huyu pingu hapa hapa, mbele yenu," Kemuma alisema. "Sikumwuliza swali hata moja la maana. Nilisikia maneno niliyozoea nikayaita ushahidi. Hakukata mpira wowote. Zubair, nilikukosea, na jana nilijua hivyo na bado nikakuacha ulale sakafuni. Nisamehe."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mzee wa ukoo alivua kofia yake akaanza kuipangusa vumbi ambalo halikuwapo.

Kisha Obadiah akasema yote. Hakujitetea. Alipomaliza, mama mmoja aliguna, na vijana waliompiga Zubair wakawa wanatazama viatu vyao.

"Mimi sitaki kesi," Zubair alisema. "Anunue mpira mpya, aje aufunge mwenyewe, nikimwona."

"Kesi ni ya serikali," Kemuma alijibu. "Baada ya mazishi nitakwenda naye kituoni. Lakini hilo ulilosema nitaliandika."

"Sawa. Ila mke wangu bado yuko langoni, madam."

Watu wote waligeuka kumtazama Obadiah. Hakuna aliyemwambia aende. Alianza kutembea, na ua lile alilolivuka maisha yake yote likawa refu. Alifika, akashika lango kwa mikono miwili, akalivuta mpaka mwisho.

"Baba alisema tukungoje," alisema.

"Alisema hivyo?" Nyanchera aliuliza.

"Alisema alikukosea. Na mimi pia nilikukosea, ndugu yangu. Wewe na mume wako."

"Na hilo ndilo lililokushinda?" Sauti yake haikuwa ya hasira, na ndiyo maana Kemuma, aliyesimama mbali, aliisikia mpaka kwenye mifupa. "Mume wangu amepigwa, amelala seli. Baba amelala nje ya kaburi lake. Ungesema tu, Obadiah. Ungesema tu."

Obadiah alinyoosha mkono kulichukua sanduku lake. Nyanchera akamwachia sanduku, lakini mkono hakuushika. Alipita kando yake, akaingia ndani ya boma, akaenda kumwona baba yake.