Mate Yaliyomuumbua Mwenyekiti

"Mate haya siyo ya huyu mzee."

Daktari alisema hivyo huku akimwangalia kaka yangu, aliyekuwa amekaa mbele yake na suti mpya, miguu kaikunja nne, simu mkononi tayari kwa selfi ya kishujaa...



Mama akaacha kujipepea.

Wifi yangu, mke wa kaka, akageuza shingo polepole kama feni iliyokatikiwa umeme.

"Unasemaje, Daktari?" kaka akauliza.

"Nasema mate yaliyoletwa kwa jina lako na damu tuliyokutoa juzi ni vya watu wawili tofauti. Na kuna mengine. Naomba tuongee faragha, mimi na wewe tu."

Kaka akacheka! Kile kicheko chake cha kuwachekea watu wadogo.

"Sema hapa hapa. Familia yangu haina siri!"

"Una uhakika, mzee?"

"Sema, Daktari!"

Jamani... mtu akiamua kujichimbia shimo, mpisheni tu na jembe lake.

"Sawa. Mwenye mate haya ni mwanamke."

Wifi akasimama.

Hapo ngojeni kwanza. Kaeni vizuri niwaeleze huyu kaka ni mtu wa namna gani, maana bila kumjua hamtafaidi.

Tunamwita Mwenyekiti. Anauza makochi, na uenyekiti wa familia alijipa mwenyewe baada ya baba kufariki. Hakuna aliyempigia kura. Kwenye msiba kipaza sauti ni chake. Kwenye harusi ni chake. Mtoto akiota jino, Mwenyekiti ana hotuba. Ukilazwa hospitali, anafika mpiga picha kwanza, machungwa baadaye.

Mimi alinipa jina la "Mama Mate."

Ni kwa sababu ya kazi yangu. Niko maabara ya hospitali, kitengo cha kupokea sampuli. Mtu anatema mate kwenye kichupa, mimi nakagua kama yametosha, nabandika namba, nayahifadhi mpaka yapimwe vinasaba.

"Wenzako wamesoma wakawa watu, wewe umesoma ukapokee makohozi!" alinisema siku moja mbele ya wakwe zangu.

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kile kicheko cha meno tu.

Basi, mdogo wetu wa kike, wa mwisho, tunamwita Kitinda, akaanza kuumwa. Ni mwalimu wa chekechea, mpole, sauti yake hata paka hashtuki. Alianza na uchovu. Ikaja michubuko isiyo na sababu. Halafu fizi zikawa zinatoa damu kila akipiga mswaki.

Saratani ya damu.

Dawa zilipofika mwisho wa uwezo wake, daktari akatuambia amebakiwa na njia moja. Apandikizwe uboho wa mifupa kutoka kwa mtu ambaye vinasaba vyake vinafanana na vyake. Tuanze na ndugu.

Mama ana ugonjwa wa moyo, akakataliwa mapema.

Mimi nikatema. Majibu yakaja... hata nusu sikufanana naye! Mtoto wa tumbo moja! Nililia chooni kazini mpaka mwenzangu akagonga mlango.

Akabaki Mwenyekiti.

Nikampelekea kichupa nyumbani kwake. Nikamweleza kama ninavyowaeleza watu wote. Usile, usinywe, usivute sigara kwa nusu saa. Tema mpaka ufike kwenye mstari, povu halihesabiki. Ukifunga kifuniko, dawa iliyomo inashuka na kuchanganyika na mate. Tikisa kidogo. Dawa hiyo ndiyo inayovilinda vinasaba visiharibike, mate yanakaa hata miaka bila friji.

"Tema sasa hivi, Kaka, niondoke nayo."

"Nitemeteme mate mbele ya mdogo wangu? Nina heshima zangu bwana! Nitakutumia."

Kesho yake dereva wake akakileta kazini, kimefungwa vizuri ndani ya bahasha. Kimejaa!

Majibu yakatoka: nusu inafanana. Na daktari akasema siku hizi nusu inatosha.

Jamani, nilipiga kelele ndani ya maabara!

Nikampigia Mwenyekiti. Akapokea. Nikamwambia.

"Kaka? Umesikia? Unafanana naye!"

"Mmh," akasema. Akakata.

Siku nzima simu yake haikupatikana. Jioni mama akaenda kwake, akapiga magoti sebuleni kumshukuru. Mama mzima, kwa mwanawe! Grupu la familia nalo likafurika sifa. Shujaa! Baba wa familia! Simba wetu!

Na Mwenyekiti kwa sifa ni kama nzi kwa kidonda.

Akaibuka na ujumbe mrefu kama hotuba ya bajeti: "Damu ni nzito kuliko maji. Niko tayari hata kufa kwa ajili ya mdogo wangu."

Baadaye wifi ndiye aliyetusimulia. Asubuhi ya kwenda kutolewa damu ya uhakiki, mume wake alikunywa kahawa nyeusi kikombe baada ya kikombe, akapanda na kushuka ngazi mbio. Alikuwa anaitafuta presha! Alitaka daktari amwambie, pole, hutafaa, halafu arudi kwenye grupu na majonzi yake.

Presha ikagoma. Ilikuwa nzuri kama ya mtoto.

Damu ikatolewa. Nadhani akajipa moyo kwamba mate yakishakubali, hakuna atakayeyalinganisha na damu: apige selfi kwanza, sindano ataikwepa baadaye. Ndiyo maana siku ya majibu alikuja na suti.

Haya, turudi ofisini.

"Mwanamke?!" wifi akauliza. "Mwanamke gani?"

Mwenyekiti akaninyooshea kidole.

"Ni huyu! Huyu Mama Mate kachanganya vichupa! Mzembe tangu utotoni! Daktari, nataka afukuzwe kazi leo hii!"

Kazi yangu ndiyo maisha yangu. Na kama kweli nimechanganya, maana yake nimemuua Kitinda kwa mikono yangu...

Mama akanitazama. Jicho lile sitalisahau.

"Tuliwaza hivyo pia," daktari akasema. "Tukarudi ghalani. Nusu ya mate yale bado tunayo, yamehifadhiwa, ni mazima. Wamepima watu wengine kabisa, dada yako hakugusa. Jibu ni lile lile."

"Basi na huko ghalani mmechanganya!"

"Angekuwa mtu baki ningekubali." Daktari akavua miwani. "Lakini mwenye mate haya siyo mtu baki, mzee. Ni mtoto wako wa kumzaa."

Wifi akashika ukingo wa meza.

"Daktari... sisi tumezaa wavulana watupu!"

"Haiwezekani!" Mwenyekiti akafoka. "Mtoto wangu kivipi? Yule ni msichana wa mapokezi tu, nimemwajiri juz..."

Akaziba mdomo.

Akauziba kwa mkono wenye pete kubwa. Lakini maneno yalishatoka, na neno halina kifuniko.

Kimenuka!

"Ulimpa nani kichupa, baba?" mama akauliza taratibu.

"Mama, nisikilize. Mimi nina majukumu. Nimesoma kwenye simu, ile sindano wanakuchoma nyuma ya nyonga. Nikipooza biashara ataendesha nani? Nikasema nimpe mtu baki yeyote ateme, wataona hafanani na mgonjwa, yaishe kwa amani..."

"Yaishe?" mama akasema. "Yaishe nani? Mdogo wako?"

Mwenyekiti akaanza kuikagua saa yake kama ndiyo anaiona mara ya kwanza.

Daktari akakohoa.

"Pamoja na hayo, nina habari njema. Tumepima damu ya mzee huyu mwenyewe. Inafanana na ya mgonjwa kwa ukamilifu wote. Yeye anafaa kuliko hata huyo binti."

Sote tukageuka.

Mnaelewa? Yule mtu alikuwa na uhai wa Kitinda ndani ya mifupa yake muda wote! Angetema mate yake mwenyewe siku ile ile, mdogo wetu angekuwa ameshapandikizwa.

Uso wa mama ukachanua. Akamshika mkono. "Mwanangu, basi yamekwisha. Nimekusamehe. Mtolee mdogo wako."

Mwenyekiti akasimama. Akafunga vifungo vya koti.

"Naomba niende msalani mara moja."

Tukamsubiri...

Wifi ndiye aliyechungulia dirishani. Gari lake lilikuwa linatoka getini.

Simu ikazimwa. Kabla ya jua kuzama, grupu likapokea ujumbe: "Nimepata safari ya dharura ya kibiashara. Tuendelee kumwombea mgonjwa wetu."

Nikaandika neno moja tu: "Msalani?"

Akanitoa kwenye grupu.

Nimeona waoga wengi maishani. Hospitalini tunawaona wanaume wa miraba minne wakizimia kwa kuona sindano, na ninawaheshimu, kwa sababu wanazimia wakiwa wamekaa kwenye kiti. Wamekuja! Huyu wangu alikula kona mbele ya mama aliyempigia magoti.

Asubuhi nikaenda dukani kwake.

Makochi yamejaa, bado yamevalishwa nailoni. Kwenye meza ya mapokezi kakaa binti wa kama miaka ishirini na kitu, anafuta vumbi. Akainua uso. Paji la uso la baba yangu marehemu! Lile lile, pana, na mshipa katikati.

"Karibu. Unatafuta kochi la watu wangapi?"

"Nakutafuta wewe."

Akakunja kitambaa, akakiweka pembeni.

"Umetoka hospitali," akasema. Hakuwa anauliza.

"Umejuaje?"

"Nilikuwa nasubiri mtu aje."

Nikavuta kiti bila kukaribishwa.

"Wewe unamjua bosi wako ni nani kwako?"

"Namjua kabla yeye hajanijua. Mama yangu alikuwa fundi cherehani, alimshonea foronya za makochi enzi hizo anaanza biashara. Alipopata mimba yangu akamwambia. Bosi akamjibu, nenda kapime kama unaweza. Mama hakuweza. Na hata angeweza, angemlazimishaje mwanaume yule afungue mdomo apimwe? Mama alipokuwa karibu kufariki ndipo akanitajia jina. Nikaja kuomba kazi nimwone tu, ni mtu wa aina gani."

"Umemwona?"

"Nimemwona." Alivyolitamka, ungedhani kameza dawa chungu.

"Na kichupa?"

Hapo akatabasamu.

"Alikuja nacho hapa hapa. Akaniambia, wewe, tema humo, ni utaratibu mpya wa afya ya wafanyakazi. Mimi nikakigeuza nikasoma. Jina lake kamili! Tarehe yake ya kuzaliwa! Jina la maabara!"

"Ukatema ukijua?"

"Nilitema mpaka mstari ukazama! Mama alihangaika miaka kumpata huyu mtu afike maabara, akashindwa. Leo yeye mwenyewe ananiletea maabara mezani! Nikajua atakayepima jina lake atakutana na mimi. Nikatikisa vizuri kabisa, yasije yakaharibika."



Tabasamu likamtoka polepole. "Lakini sikujua kuna mtu anaumwa. Nilidhani ni mambo ya bima. Anaumwa nani?"

"Shangazi yako mdogo. Saratani ya damu. Baba yako ndiye aliyefaa kumtolea uboho, akakimbia. Uliyebaki ni wewe... na huwajibiki. Naomba unielewe. Hutudai... hatukudai chochote. Hatukukulea, hatukukujua."

Nje mtu alikuwa anagonga misumari, anasimama, anagonga tena.

"Ana watoto?"

"Hana. Ana darasa zima la chekechea, wanamchorea barua kila wiki."

Akavuta mkoba wake chini ya meza.

"Twende, shangazi."

"Subiri nikueleze kwanza hatari zake..."

"Daktari ataniambia. Nikiogopa, nitaogopa nikiwa huko huko."

Alielezwa kila kitu. Akauliza maswali mengi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona pale. Akaomba siku ya kufikiri, akapewa. Akarudi. Akalala kifudifudi, akatolewa uboho, akaamka analalamika njaa.

Kitinda aliteseka sana baada ya hapo, sitawadanganya. Homa, vidonda mdomoni, siku ambazo hata mimi sikuingia wodini kwa woga. Halafu taratibu damu ikaanza kujitengeneza. Nywele zikaota laini kama za kifaranga.

Wifi akawaleta wavulana wake wote kumwona dada yao. Kwa Mwenyekiti hakurudi tena.

Na Mwenyekiti? Aah! Alivyosikia mgonjwa kapona, safari ya dharura ikaisha siku hiyo hiyo!

Tulikuwa sebuleni kwa mama. Akaingia na machungwa, koti begani, mikono kaitanua.

"Si niliwaambia damu ni nzito? Damu yangu ndiyo iliyomwokoa mdogo wangu! Na leo nimekuja kumtambua binti yangu rasmi. Kuanzia sasa, mwanangu, nakupa jina langu!"

Binti alikuwa anamkata Kitinda kucha. Hakuinua hata uso.

"Jina hilo mama alikuomba nikiwa tumboni, mzee. Sasa nimekua. Halinienei tena."

Mwenyekiti akamgeukia mama. Mama akaendelea kuchambua mchele.

Akanigeukia mimi. Nikamtazama kama ninavyotazama kichupa kilicholetwa kitupu.

Basi akamgeukia Kitinda, yule mpole, asiyewahi kumjibu tangu azaliwe.

"Mdogo wangu, hebu waambie..."

Kitinda akamwangalia juu mpaka chini, kwenye viatu vinavyong'aa, akasema kwa sauti ile ile ndogo:

"Kaka, ukitoka, funga mlango. Daktari kasema nisipigwe na upepo."

Akatoka. Na mlango akaufunga, tena kwa adabu.

Wapendwa, mniandikie huko chini mnavyoona, ila mimi langu nimeshajifunza kwa gharama. Ndugu akiogopa kukutemea mate ya kipimo, usiketi kusubiri damu yake. Katafute mwingine mapema, hata kama ni mgeni mlangoni. Huenda huyo mgeni ndiye ndugu yako.