Taa ya Ras Kitoka

Jua lilipokuwa linazama, meli tatu ziliingia Mlango wa Uwambe kwa wakati mmoja, na mbele ya kila moja bahari ikawaka rangi yake. Meli ya makontena ilitandikiwa mkanda wa nuru ya kijani. Meli ya gesi ikapewa wa buluu, na feri ya abiria wa manjano. Mikanda ile ililala juu ya maji kama barabara, ikapinda penye mwamba, ikanyooka penye kina. Abiria aliyesimama kwenye sitaha ya feri aliuona wa manjano tu. Ule wa kijani, uliopita mbele ya pua yake, hakuuona kabisa, kwa sababu haukuwa wake.

Watu wa Uwambe waliziita njia-nuru. Aliyezibuni alikuwa mhandisi Mize Shaame, mzaliwa wa kisiwa kidogo cha Mwanda, ambaye jioni ile alisimama kwenye dirisha la chumba cha uongozi, lililotengenezwa ili kuonyesha njia zote, akizitazama kama mama anavyomtazama mtoto wake akisoma mbele za watu.

Kabla ya hapo funguvisiwa lote la Uwambe lilitegemea minara ya mawe na chuma iliyojengwa zamani sana, kila mmoja ukiwasha taa moja kwa vyombo vyote, vikubwa na vidogo. Bahari ilipoanza kupanda, mambo yakaharibika. Mafungu ya mchanga yalihama, ramani zikawa hazina maana, na minara miwili ikaanguka majini pamoja na rasi zake. Hapo ndipo Mize alipobuni taa-tambuzi. Ilikaa juu ya nguzo ndefu, ikapima kina cha maji muda wote, ikakiuliza kila chombo kitambulisho chake, kisha ikakichorea njia yake peke yake kwa miale myembamba iliyofika kwenye macho ya waliomo na si ya mwengine yeyote. Tangu nguzo zile zisimikwe, hakuna meli iliyopanda mwamba.

Minara ya zamani ikazimwa mmoja baada ya mwengine. Uliobaki mzima ni wa Ras Kitoka, mweupe, na kioo chake kikubwa cha duara ndani ya duara, kizito kuliko gari. Mize aliiomba Mamlaka ya Bahari isiubomoe, nayo ikaufanya makumbusho. Taa yake bado iliwaka, lakini kwa ajili ya wageni tu, Jumapili mchana.

Siku ya pili yake kimbunga kikaja.

Simu ya Mize ililia asubuhi akiwa kazini. Alikuwa Khatibu, mdogo wake, ambaye hawakuwa wamesemezana kwa muda mrefu. Mamlaka ilikuwa imeamuru visiwa vya nje vihamwe, kwa kuwa vilikuwa vinazama, na wakazi wapelekwe kambi ya Tangoni, bara. Khatibu alikataa. Waliokataa walifutwa kwenye daftari la wakazi, na boti zao zikanyang'anywa vitambulisho. Yeye alimlaumu dada yake kwa kula chumvi ya Mamlaka. Dada alimlaumu kwa ukaidi.

"Dada," alisema Khatibu, na nyuma ya sauti yake ulisikika upepo. "Maji yameingia msikitini."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani yameingia tangu jana. Tunatoka. Mimi, Kazija, na waliobaki hapa. Boti ni moja."

"Njooni kwangu, Khatibu. Msende kwengine. Piteni Ras Kitoka, mimi nita…"

Mtandao ukakatika. Mize akapiga tena na tena. Mnara wa simu wa Mwanda ulikuwa umeshakwenda na maji.

Hakupata hofu sana wakati ule. Alipobuni taa-tambuzi, alikuwa ameiwekea njia moja ya ziada, nyeupe, kwa ajili ya chombo chochote kisicho na kitambulisho. Alifikiria wavuvi waliopotea, mashua zilizoharibikiwa na mitambo. Njia hiyo ingewapeleka mahali salama pa kutia nanga. Kwa hiyo alijiambia: mdogo wangu hana kitambulisho, lakini njia nyeupe ataipata.

Baada ya adhuhuri mbingu ikawa nyeusi kama masizi. Katika chumba cha uongozi alikuwapo Vuai, msimamizi wa zamu, mtu mpole wa makamo ambaye kila asubuhi aliwapikia wenzake chai ya tangawizi. Yeye ndiye aliyeiona boti kwanza, kwa jicho-anga, mashine ndogo inayoruka na kutazama.

"Bi Mize, kuna chombo kimetoka Mwanda. Hakina kitambulisho. Watu wamejaa."

Mize akakimbilia kwenye kioo kilichoonyesha picha zake. Aliitambua ile boti. Khatibu alikuwa ameipaka rangi ya zambarau ubavuni, na wenzake walimcheka kwa hilo. Mbele yake, juu ya mawimbi, njia nyeupe ilikuwa imeshatandikwa.

"Alhamdulillahi," alisema. Kisha akaifuata njia ile kwa kidole hadi mwisho wake, na kidole kikasimama. "Vuai, hii inakwenda wapi? Mbona haiji bandarini?"

Vuai alikikazia macho kioo.

"Inakwenda Kituo cha Ukaguzi," alisema. "Lile jukwaa linaloelea, kule fungu la kati."

"Mimi sikuiweka hivyo."

"Wewe hukuiweka hivyo. Waliibadilisha baadaye." Aliyatoa macho yake kwenye kioo, akamtazama. "Bi Mize, wale watu walioko Tangoni ulidhani wamefikaje? Ni wachache sana waliokwenda kwa hiari. Wengine walitoka usiku kuvua, wakaona njia nyeupe, wakaifuata wakidhani wanarudi nyumbani. Wakafika jukwaani, wakapakiwa."

Mize akavuta kiti lakini hakukaa.

"Na wewe ulijua."

"Sote tuliomo chumbani humu tunajua. Tulidhani na wewe unajua."

Mvua ikapiga madirisha. Kisha Mize akaona jambo jingine. Mahali ilipoishia njia nyeupe palikuwa na mawimbi matupu. Jukwaa halikuwapo.

"Limevutwa bandarini leo asubuhi kwa sababu ya kimbunga," alisema Vuai polepole, kama mtu anayelisikia jambo kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwake mwenyewe. "Njia haikuondolewa."

"Iondoe. Walete bandarini."

"Siwezi. Njia nyeupe ina ufunguo wa Mkurugenzi."

Mize akampigia Mkurugenzi, Bwana Ussi, mtu ambaye miaka yote alimheshimu Mize na kumwita mwanangu. Alimweleza kwa utaratibu. Bwana Ussi alimsikiliza hadi mwisho.

"Mize, naelewa kuwa ni ndugu yako," alisema. "Lakini mfumo ukishampokea mmoja bila kitambulisho, kesho hakuna atakayehama. Tutawazika wote kule. Hilo hulioni?"

"Watazama leo, Bwana Ussi."

"Nitalipeleka kwenye kikao cha dharura. Subiri."

"Kikao saa ngapi?"

"Nimekwambia subiri, mwanangu."

Mize aliweka simu chini. Hakulia, wala hakugombana na mtu. Alichukua koti la mvua na funguo za gari, akamwambia Vuai, "Mimi nakwenda Kitoka," akatoka.

Barabara ya Ras Kitoka ilikuwa imefunikwa na maji hadi kwenye magurudumu. Mlinzi wa makumbusho alikuwa ameshakimbia. Mize akafungua mlango, akapanda ngazi za mzunguko akishika ukuta, na kufika juu kifua kikimuuma. Alizijua nyaya za taa ile kwa sababu alizifunga mwenyewe, kwa mapenzi tu, siku za mapumziko. Akawasha. Kioo kikubwa kikaanza kuzunguka, na mwanga wa zamani, mwanga usiouliza jina la mtu, ukatoka na kufagia bahari yote.

Ilikuwa karibu na magharibi, na giza la mvua lilikuwa limeshatangulia. Alitoka kwenye baraza ya juu, akajishika kwenye chuma na kutazama kwa darubini. Aliiona. Kitaa kidogo cha boti kilipanda na kushuka, mbali na njia nyeupe. Kumbe hawakuwa wakiifuata. Walikuwa wanakuja upande wake. Nyuma ya Ras Kitoka maji yalikuwa yametulia, na mlango wa kuingilia ulikuwa mpana, wa kutosha boti kumi. Walihitaji kuja moja kwa moja kwenye taa, basi.

"Njoo," alisema Mize. "Njoo, baba. Njoo hivyo hivyo."

Mwanga ukaifikia boti, ukaipita, ukazunguka, ukaifikia tena. Kitaa kile kikasita. Kisha kikageuka.

Mize alidhani ni wimbi limeigeuza. Akangoja irudi. Haikurudi. Boti iliupa mnara mgongo na kukimbia kusini, kwenye giza, ambako hapakuwa na taa yoyote, na ambako mwamba wa Kijiweni ulikuwa umelala chini kidogo tu ya maji. Alipiga kelele hadi sauti ikamkauka, ingawa alijua upepo unamrudishia kinywani. Akaizima taa na kuiwasha, akaizima na kuiwasha, ili wajue kuna mtu. Kitaa kikazidi kukimbia. Kikapanda mara moja, juu sana, na baada ya hapo hakikuonekana.

Boti-okozi, zile mashine za uokoaji zinazojiendesha zenyewe, hazikutoka bandarini. Zilisubiri wito wa chombo chenye kitambulisho, na wito haukuja. Aliyetoka ni Vuai, ambaye aliyaona yote kwa jicho-anga. Aliacha kiti chake, akashuka gatini, akawabembeleza mabaharia wawili wa boti ya rubani, ile inayoziongoza meli kuingia bandarini, wakaenda naye Kijiweni kukiwa na mawimbi yanayowapita vichwani. Walirudi na watu wanne waliokuwa wameshikilia madumu. Mmoja wao alikuwa Kazija, mke wa Khatibu. Khatibu hakuwamo.

Mize alikwenda hospitali upepo ulipotulia. Kazija alikuwa amelala ubavu, mikono imefungwa bendeji kwa kukatwa na matumbawe. Mize akakaa pembeni ya kitanda.

"Mliiona taa ya Kitoka?" aliuliza Mize.

"Tuliiona. Khatibu ndiye aliyeiona kwanza."

"Nilikuwa mimi, Kazija. Niliiwasha mimi, kwa ajili yenu."

Kazija akamgeukia. Usoni mwake hamkuwa na hasira, na hilo lilimtia Mize baridi kuliko hasira yoyote.

"Sisi tungejuaje, wifi? Baba yangu na mama yangu waliondoka Mwanda kwa kufuata taa. Hatukuwaona tena hadi tulipoletewa habari kuwa mama amefia Tangoni. Kila nyumba kule ina mtu wake aliyechukuliwa na taa. Ile nyeupe tuliiona tangu mbali, tukaikwepa. Halafu ikatokea hii nyengine, kubwa, mahali ambapo siku hizi usiku hapawaki taa, inatuzungukia." Akaitazama mikono yake iliyofungwa. "Khatibu akasema, leo wametuwekea kubwa zaidi. Akageuza usukani."

"Hakusikia nilivyomwambia kwenye simu? Nilimwambia apite Kitoka."

"Alisikia 'njooni kwangu,' basi. Alifurahi. Njia nzima alikuwa anatuambia, tunakwenda kwa dada."

Mize aliinamisha kichwa kwenye shuka la kitanda. Kazija, kwa mkono wake uliofungwa, akampapasa nywele, kwa sababu hapakuwa na mtu mwengine wa kufanya hivyo.

Taarifa ya Mamlaka ilitoka wiki ile. Ilisema kimbunga kimepita, na kwamba kwa msaada wa taa-tambuzi hakuna chombo hata kimoja kilichopotea. Kwa hesabu za mfumo ilikuwa kweli. Vuai alifukuzwa kazi kwa kuacha zamu. Mize aliandika kila alichokijua kuhusu njia nyeupe akawapelekea waandishi wa habari, na kelele zilizopigwa zikawa kubwa. Bwana Ussi akahamishiwa ofisi nyengine, na njia nyeupe ikafutwa. Kwa amri mpya taa ya Ras Kitoka ikaruhusiwa kuwaka kila usiku, kwa kila mtu. Magazeti yaliandika kuwa ni ushindi.

Hali ya bahari ilipotengemaa, Mize alizunguka visiwa vya nje vilivyobaki, kimoja baada ya kimoja, kuwaeleza watu kwamba taa ya Kitoka ni ya kweli. Walimpokea vizuri. Walimtandikia mkeka, wakampa uji wa mtama na samaki wa kukaanga, wakampa pole ya ndugu yake. Walimsikiliza bila kumkatiza. Aliwaeleza jinsi taa ile isivyo na kitambulisho wala ufunguo, jinsi inavyowaka tu, na jinsi maji ya nyuma ya rasi yalivyo salama.

Kisiwa cha mwisho kilikuwa kimebaki na nyumba chache na ukanda wa mchanga. Alipomaliza kusema, mwanamke mmoja aliyekuwa akimnyonyesha mtoto alisogea karibu naye.

"Dada yangu, tumekusikia, na tunaona kuwa husemi uongo," alisema. "Lakini watoto tumeshawafundisha. Wakubwa wamewafundisha wadogo, na sasa wanacheza mchezo wake kule pwani: mmoja anakuwa taa, wengine wanamkimbia. Sasa wewe utawasahaulisha vipi?"

Mize akageuka. Kutoka pwani sauti za watoto zilikuwa zinasikika, na vicheko. Akabaki anawasikiliza.