Mita Sitini Kutoka Majini

Asubuhi ya kwanza Bi Muhuri alidhani ni mfagiaji aliyemwaga maji mezani. Jalada moja tu ndilo lililolowa, jalada la hoteli inayojengwa kando ya ziwa. Yaliyolala juu yake na chini yake yalikuwa makavu kabisa. Akalianika dirishani, akaendelea na kazi. Siku ya pili alilikuta limelowa tena, safari hii ndani ya kabati la chuma alilolifunga kwa mkono wake, na ufunguo alilala nao mkobani. Lilinuka tope la kinamasi, ile harufu nzito ya mizizi iliyooza.

Jina hilo la Bi Muhuri alipewa na wenzake ofisini, kwa kuwa hakuna aliyejenga wala kusawazisha ardhi karibu na ziwa bila yeye kugonga muhuri. Sheria ilikuwa fupi na aliijua kwa kichwa: greda lisiguse ardhi iliyo ndani ya mita sitini kutoka pale maji yanapofika wakati wa mvua, na afisa aende mwenyewe kwa miguu yake, apime, apigilie vigingi, ndipo atie saini. Miaka kumi na moja alikuwa akienda. Kwenye hoteli hii tu ndiko hakwenda. Wiki ile binti yake wa miaka sita alikuwa na homa, mkuu wa ofisi alimpigia simu asubuhi na jioni, na mpimaji wa mwenye hoteli alishaleta vipimo vimechorwa vizuri. Akaandika kwenye fomu, "Nimefika, nimeona," akagonga muhuri. Na alijua fika kwamba vipimo vile vilichukuliwa kiangazi, ziwa likiwa limejikunja.

Siku ya tatu alirudi nyumbani alasiri akamkuta binti yake amelala kifudifudi bafuni, sikio kwenye tundu la kutolea maji. Alimuuliza anafanya nini pale. Mtoto akamwashiria anyamaze.

"Naongea na jirani," alinong'ona. "Anasema wamemfukia mlango kwa kifusi. Hana pa kupitia."

Bi Muhuri alimnyanyua upesi. Nywele za mtoto zilinuka harufu ileile ya kabatini.

Kuanzia hapo nyumba haikutulia. Mumewe, fundi wa friji, alifungua mabomba yote akitafuta panapovuja, asiambulie kitu, ilhali kuta zilikuwa zikigugumia kama mtu anayesukutua mdomo, na kila walipobadilisha shuka za mtoto walikuta chini ya mto wake tope jeusi lenye vipande vya matete, na mtoto mwenyewe akawa hali chakula, haulizi kitu, mwili umempoa kama aliyetolewa kisimani, macho hayatoki kwenye mlango wa bafu.

Daktari alimpima akasema haoni ugonjwa. Ndipo mumewe akamwita shangazi yake, fundi cherehani ambaye mtaani walimfuata kwa mambo mawili, kushonewa na kupungwa majini. Alikuja bado ana futi shingoni. Aliketi kando ya kitanda, akamshika mtoto kiganja, akaanza kumbembeleza huyo aliyekuja ajitaje na aseme anataka nini.

Mtoto alifumbua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, aliyechoka, wala haikuwa na hasira.

"Mama wa huyu aliandika kwamba alifika kwangu. Mimi sitoki pale. Sijamwona."

Mume aligeuka kumtazama mkewe. Bi Muhuri aliweza kudanganya kwenye fomu, lakini mbele ya macho yale hakuweza. Alieleza yote palepale, akiwa amesimama.

Shangazi alivuta pumzi. "Mimi nguo yoyote naipunguza, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu simpungi hata kidogo. Hajaja kuonea mtu. Nenda kafanye kazi yako uliyoiruka, mimi nitakaa na mtoto."

Bi Muhuri alikwenda kwenye hoteli saa nne asubuhi, jua limewaka. Wafanyakazi walikuwa wamegoma tangu juzi kwa sababu greda lilikuwa likizama mahali pakavu, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumshikia mkanda wa kupimia. Alipekua majani hadi akaiona alama ya maji ya mvua kwenye mashina ya matete, akafunga ncha ya mkanda kwenye kigingi, akaanza kurudi kinyumenyume. Baada ya hatua kumi kigingi kiling'oka, akakiona kikilala kwenye tope, lakini mkanda haukuanguka, ulibaki umekazwa hewani kimo cha kiuno, na kila alipousogeza kulia kule matete yalipinda kulia na kila alipousogeza kushoto yalipinda kushoto, na vidole vinne vya kijivu, virefu, vilikuwa vimeibana ncha yake kwa utulivu kabisa kama vya mpimaji mzoefu anayengoja mwenzake asome, naye Bi Muhuri akasoma kwa sauti, mita ishirini, mita arobaini, akipita juu ya kifusi, juu ya msingi, hadi mita sitini zikamfikisha katikati ya ukumbi uliokwisha kupandishwa kuta.

Alipigilia vigingi vyote. Alipomaliza mkanda ulilegea, ukarudi wenyewe taratibu. Simu ikalia. Mumewe alikuwa akilia pia. Alimwambia mtoto ameamka na anadai chai.

Jioni ile aliandika ripoti ya kweli, akaeleza na uongo wake wa kwanza. Palipoandikwa "Aliyeshika mkanda" aliacha wazi. Kibali kilifutwa, naye akasimamishwa kazi. Mwenye hoteli alikata rufaa, na baraza likaamuru waliopima wote wawili wafike kuhojiwa. Mkuu wa ofisi alimpigia kumuuliza huyo msaidizi ni nani, maana saini yake kwenye nafasi ya aliyeshika mkanda haisomeki. Bi Muhuri alimjibu kwamba ni jirani wa pale, akakata simu, akakaa kitako sakafuni.

Siku ya rufaa alivaa vizuri, akapita mapokezi ya baraza kuchukua barua yake ya wito. Aliuliza, kwa sauti ya chini, barua ya yule mwingine waliituma wapi.

"Hatukuituma," karani alisema, akimgeuzia daftari atie saini. "Amekuja mwenyewe. Nimemwambia na wewe uko njiani, akasema basi atakungoja mpande ngazi pamoja. Yule pale kwenye benchi, nyuma yako."

Bi Muhuri alitia saini kwanza, polepole, jina lake lote. Kisha akageuka.